Pua ya Komodori: Usawiri wa Mgeni kwa Rangi za Maji

Mhakiki aliyezoea kuipima picha ya mtu kwa kigezo cha kufanana huona taabu mbele ya michoro ya Kijapani ya Komodori Matthew Perry, ofisa wa jeshi la wanamaji la Marekani. Mingine ilichapwa kwa vibao, mingine ilichorwa kwa mkono, kwa wino na rangi za maji. Pua imerefushwa kupita kiasi. Katika baadhi yake hata weupe wa macho umepakwa buluu. Ilhali picha aliyopigwa na Mathew Brady inaonyesha mzee mnene wa uso, asiye na ajabu yoyote.

Je, wachoraji walishindwa na kazi? Jibu la haraka ni kuwa hawakumwona. Itakumbukwa kwamba Perry alipotia nanga Uraga tarehe 8 Julai 1853 na manowari nne, alijifungia chumbani mwake makusudi, akakataa kuonana na maofisa wadogo. Hakujitokeza hadi tarehe 14, aliposhuka Kurihama kukabidhi barua ya Rais Fillmore. Kwa siku sita uso wake ulikuwa uvumi mtupu, na uvumi ule ulikuwa na mizinga. Yamkini ndiyo sababu sura iliyochorwa inakaribia ile ya tengu, zimwi la milimani katika ngano za Kijapani.

Lakini jibu hilo halitoshi. Perry alirejea mwaka 1854, na mkataba wa Kanagawa ukatiwa saini tarehe 31 Machi. Safari hii wageni walitazamwa kwa karibu: mavazi yao, ala zao za muziki, hata garimoshi dogo walilolileta kama zawadi, vyote vikachorwa kwa makini. Na bado zipo picha za wakati huo ambamo pua imebaki palepale. Hapo si ujinga tena. Ni uamuzi wa kisanaa, sawa na wa mtunzi ampaye mhusika jina la kumsuta.

Wilhelm Heine, mchoraji wa msafara wenyewe, alisawiri kushuka kule kwa mtindo wa uhalisia: safu za askari zimenyooka, kamanda ni umbo dogo katikati yake, bahari imetulia. Kila kitu kiko mahali pake. Anayeitazama kazi hiyo hawezi kujua kwamba pwani ile ilikuwa na watu walioogopa.