Betri ya bei nafuu ilinitia aibu mbele ya mama

Ikiwa unajiandaa kununua betri ya sola, tulia kwanza unisikilize. Mimi nilijifanya mjuaji, na aliyelipia ujuaji wangu ni mama yangu mzazi.

Mama anaishi kijijini huko Kitui na anaugua kisukari. Kwa miaka mingi alihifadhi insulini yake kwenye mtungi wa udongo wenye maji, chupa ikiwa imefungwa ndani ya mfuko wa plastiki, kama alivyofunzwa na muuguzi wa zahanati. Nikaona haya, mimi mwana mwenye kazi mjini, nikampelekea paneli ya sola na friji ndogo ya volti 12. Ilipofika zamu ya betri nilibana mkono. Nilinunua ya gari, ya asidi, nikijiambia betri ni betri.

Sivyo. Betri ya gari imeundwa kutoa nguvu nyingi kwa nukta chache ili injini iwake, kisha ijazwe tena papo hapo. Ukiikamua usiku kucha, risasi iliyo ndani hufanya ganda gumu, na kila siku hubeba kidogo kuliko jana. Baada ya miezi saba friji ilikuwa ikizima saa nane za usiku. Mama hakusema neno, maana hakutaka kunisumbua. Mwezi wa Februari, jua la Kitui likichoma mabati, alijidunga dawa iliyokwisha kuharibika hadi akalazwa hospitalini. Alipopata nafuu aliniambia tu, "Mwanangu, mtungi wangu haukuwahi kuzima."

Laiti angalinigombeza!

Nilimwendea fundi nikiwa mnyenyekevu. Alinieleza kwamba betri ya asidi ya volti 12 na ampea-saa 100 hubeba wati-saa 1,200, lakini ukitaka idumu usitumie zaidi ya nusu, yaani 600. Friji ya mama na taa zake zilikula karibu kiasi hicho kwa siku. Siku moja ya mawingu ingetosha kutuumbua. Betri ya lithiamu ya ukubwa huo huo, hasa ile ya fosfeti ya chuma, hutoa 1,000 bila kuumia. Ya asidi hustahimili kujazwa na kutumiwa hivyo kama mara 500. Ya lithiamu hupita 2,000. Tena ina uzito wa kilo 12 hivi badala ya karibu 30, jambo linalowapendeza sana wanaopiga kambi na magari ya kulalia.

Lakini bei aliyonitajia ilikuwa mara tatu! Nilirudi nyumbani kimya. Mke wangu alikuwa amepokea zamu yake ya chama na kupanga kununua cherehani. Usiku huo aliniwekea bahasha mezani. "Cherehani itangoja," alisema. "Mama hawezi kungoja."

Sisemi kila mtu akimbilie lithiamu. Ukiwa na taa mbili na simu ya kuchaji, ya asidi itakufaa, bora uchague iliyotengenezewa sola na usiikamue kupita nusu. Iongeze maji safi ya betri, wala si ya mfereji, na uiweke penye hewa, kwani ikichajiwa hutoa gesi inayoweza kulipuka. Ikifa, usiivunje wala kuwaachia watoto waichezee. Wakazi wa Owino Uhuru kule Mombasa walifika mahakamani kwa sababu ya sumu ya risasi iliyotoka katika kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu. Ukichukua lithiamu, hakikisha kidhibiti cha chaji kimewekwa kwa aina hiyo, na udai garantii ya maandishi.

Juu ya yote, kabla hujauliza bei, jiulize: ikizima usiku, nani ataumia?

Huu ni mwaka wa pili na friji haijazima. Hata hivyo, nilipokwenda kwa Pasaka niliukuta mtungi ungali pale pembeni, umejaa maji. Nikamwuliza mama kwa nini.

"Wewe nakuamini," alinijibu. "Betri bado naichunguza."