NATAKA MASHINE NYEPESI YA KUTAFUTIA VITU UFUKWENI: NINUNUE IPI, NA NIKIOKOTA NI HALALI YANGU?

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Ndugu zangu, swali hili nimeletewa na kijana wetu wa hapa Kasingirima ambaye sasa anafanya kazi hotelini Nungwi, kaskazini mwa Unguja. Ameniruhusu nilijibu hadharani bila kumtaja. Anasema haipiti wiki bila kumwona mgeni analia ufukweni: huyu pete imemchomoka akiogelea, yule mkufu umekatika. Siku moja akamwona mtu anapita na mashine yenye sahani kwa chini. Ikilia, anachimba, anatia mfukoni, anaendelea. Naye kijana ana akiba ya shilingi milioni mbili na nusu. Nusu ya pesa hiyo ni ya dada yake, na walikuwa wamekusudia kumpaulia mama yao nyumba. Bega lake la kulia liliumia zamani akipakua magunia, ndiyo maana anataka mashine nyepesi. Akamalizia hivi: "Shekhe, nikiokota si riziki yangu?"

Yako maswali mawili hapo, la mashine na la mali. Wengi mtashangaa imamu anajibu la mashine. Lakini pesa ya paa la mama ikipotea kwenye mashine isiyofaa, hiyo nayo ni dini.

Mashine hizi nimezishika. Mpwa wangu alirudi nayo moja kutoka machimbo ya Geita, tukaizungusha ufukweni Ujiji baada ya swala ya Alasiri. Tulipata vizibo vya soda, misumari ya mitumbwi, ndoano, chubwi za nyavu na sarafu ya shilingi mia. Ilikuwa imetulia kabisa, hailii ovyo. Sasa kijana asije akaona hivyo akadhani ataichukua mashine ya namna ile na kwenda nayo Nungwi. Ziwa Tanganyika ni maji baridi. Bahari ni chumvi, na hapo ndipo pesa za watu wengi zinapozama.

Sikiliza vizuri. Sahani ya mashine inarusha mawimbi ya sumaku ardhini. Yakikuta chuma, dhahabu au shaba, umeme mdogo unazaliwa ndani ya kitu kile, na mashine inausikia. Maji ya chumvi nayo yanapitisha umeme. Kwa hiyo mchanga uliolowa maji ya bahari, kwa mashine, ni kama bati kubwa lililotandazwa chini. Mashine ya bei nafuu inayotumia masafa mamoja tu, kama Garrett ACE 250, kwenye mchanga mkavu wa juu inafanya kazi vizuri. Ishushe kwenye mchanga wa maji, inapiga kelele kila unapoisogeza. Utaipunguza nguvu ili inyamaze, na ikinyamaza haisikii tena pete.

Zinazofaa bahari ni za aina mbili. Ya kwanza ni zile zinazorusha masafa mengi kwa wakati mmoja, kisha zinalinganisha majibu na kuitoa sauti ya chumvi. Ya pili ni za mapigo: zinarusha pigo moja, zinasubiri kidogo mpaka sauti ya chumvi ife, halafu ndipo zinasikiliza. Hizi za mapigo zinafika chini sana, ila nyingi hazibagui vizuri. Utachimba kila msumari na kila pini ya nywele. Kwa mtu mwenye bega bovu mimi simshauri hizo, maana kinachochosha zaidi ni kuinama na kuchimba.

Sasa uzito. Minelab CTX 3030 ni mashine kubwa yenye sifa, ina kilo 2.36. Equinox 800 ya kampuni hiyo hiyo ina kilo 1.34, na inazama majini mpaka mita 3. XP Deus II haifiki hata kilo moja, lakini bei yake itakula paa lote na kuta pia. Vanquish 340 ina kama kilo 1.2, ni ya masafa mengi, na ndiyo ya chini kwa bei katika hizi. Ila tuelewane: kwenye hiyo Vanquish ni sahani tu ndiyo inayoingia majini. Kisanduku cha juu kikilowa, umeizika. Wauzaji wanapenda kusema "haiingii maji" bila kumaliza sentensi. Uliza: kipi hakiingii maji, sahani au mashine nzima?

Namba ya kilo nayo isikudanganye. Jembe la kilo mbili ukilishika katikati si sawa na kulishika mwisho wa mpini. Uzito ukikaa kwenye sahani, mkono unauma ndani ya nusu saa. Ukikaa nyuma ya kiwiko, unakwenda asubuhi nzima. Kabla ya kulipa, ivae mkononi, izungushe robo saa dukani, muuzaji akununie akitaka. Nawe mwenye bega bovu jifunze kuzungusha kwa mkono wa kushoto.

Jambo jingine ambalo sisi watu wa ziwani hatulijui ni kujaa na kupwa. Pwani, mwezi mwandamo na mwezi mpevu huleta bamvua, maji yanatoka mbali sana. Unguja tofauti ya maji kujaa na kutoka siku hizo hufika kama mita nne kwenda juu, na maji hutoka kabisa mnamo saa nne asubuhi. Kwa hiyo kalenda ya Hijria uliyonayo ukutani inakutosha: siku za kuanzia tarehe mosi na za kuanzia tarehe 15 ndizo za kwenda. Maji mafu, pumzika. Na ukitoka baharini, ioshe mashine kwa maji baridi. Chumvi haina huruma na nyaya.

Usisahau pia kwamba pete nyembamba ya dhahabu na kifunguo cha kopo la soda vinalia karibu sawa. Ukiiamuru mashine ivinyamazishe vifunguo vya makopo, inazinyamazisha na pete. Chimba vyote. Na takataka utakazotoa usizirudishe mchangani, watoto wanatembea peku hapo.

Wako pia wanaouza fito mbili za antena na kusema zinanusa dhahabu ya mita mia. Usitoe hata shilingi. Mwaka 2013 mahakama ya London ilimhukumu Mwingereza James McCormick miaka 10 jela. Aliiuzia serikali ya Irak maelfu ya vishikio vyenye antena kwa jina la mashine za kugundua mabomu, na ndani hamkuwa na kitu kinachofanya kazi. Asili yake ilikuwa mwanasesere wa kutafutia mipira ya gofu. Watu wa Baghdad walikaguliwa kwa kitu kile, na mabomu yakapita. Hapa kwetu fito hizo hutembea pamoja na hadithi za mali ya Mjerumani na mganga anayetaka kuku mweusi. Ni kweli Wajerumani walitengeneza sarafu za dhahabu za rupia 15 kule Tabora mwaka 1916, zenye picha ya tembo. Kuwepo kwa sarafu hakumfanyi mganga kuwa mkweli, na kuchinja kwa ajili ya jini ni shirki, hilo halina mjadala.

Nije kwenye mali. Kijana wangu, samaki wa baharini hana mwenyewe mpaka umvue. Pete ina mwenyewe. Imechomoka kidoleni mwake, haijachomoka katika miliki yake. Katika fiqhi hiyo inaitwa luqata, kiokotwa, na hukumu yake iko wazi katika hadithi ya Zaid bin Khalid al-Juhani (R.A), iliyomo katika Bukhari na Muslim. Mtume (S.A.W) alimwelekeza mwokotaji akijue vizuri alichookota, mfuko wake na kamba yake, akitangaze mwaka mzima, na mwenyewe akija apewe. Mwaka! Si siku tatu mpaka mgeni apande ndege.

Nimesikia na hoja nyingine, na naisema wazi kwa sababu vijana wanaipenda: eti mali ya kafiri ni halali. Huo ni uongo juu ya dini ya Allah. Mgeni ameingia nchini kwa viza, amepewa amani, na nyumba yake ya kulala umeitandika wewe mwenyewe. Mali yake ina heshima kama damu yake. Pete yake ni amana mkononi mwako kama ingekuwa ya mama yako.

Utatangazaje? Usiitundike picha ya pete nzima mtandaoni, watakuja wenyewe kumi. Sema "imeokotwa pete ufukweni", mengine mwache mdai ayaeleze: rangi, jiwe, jina lililochongwa ndani. Peleka taarifa mapokezi ya hoteli, kwa sheha, na polisi. Msikitini tangaza nje mlangoni, si ndani, kwani Mtume (S.A.W) alikataza kutangaziana vilivyopotea ndani ya msikiti. (Nanyi wa hapa Ujiji mnaoniletea simu zilizopotea nizitangaze kwenye spika kabla ya swala, sasa mmejua kwa nini huwa nawaelekeza mlangoni.) Mwaka ukiisha bila mwenyewe, mashekhe zetu wa Kishafi wanakuruhusu kuimiliki, lakini akitokea baadaye utamrudishia, na ukiwa umeiuza utamlipa thamani. Kitu duni ambacho mwenyewe hatakirudia, kama sarafu moja, jambo lake ni jepesi.

Wengine watauliza habari ya rikazi, ile inayotolewa khumsi, moja ya tano. Rikazi ni kilichozikwa zama za ujahilia, kabla ya Uislamu. Pete ya mgeni wa mwezi uliopita haimo, na rupia ya 1916 haimo. Tena vya kale vina Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 kwa huku bara, na Zanzibar wana yao. Usichimbe kwenye magofu, wala kwenye eneo la kumbukumbu ya Livingstone hapa Ujiji, kwa kisingizio cha mashine.

Sasa utaniambia: Shekhe, kama kila pete ni ya mtu, nitairudishaje milioni mbili na nusu? Jibu liko katika Suratu Yusuf. Kopo la mfalme lilipopotea, mtangazaji aliahidi shehena ya ngamia kwa atakayelileta, na akajidhamini. Hapo mafaqihi wakapata moja ya dalili za mkataba wa juala: mtu anaahidi ujira kwa atakayemrudishia kilichopotea. Yule mgeni unayemwona analia, mwendee. Mwambie nina mashine, nionyeshe uliposimama. Mkikubaliana kiasi na ukaipata, chukua ujira wako kwa mikono miwili, ni halali safi. Hujaipata, huna haki ya kitu.

Lakini mpatane KABLA hujaizungusha mashine, na kiasi kijulikane, si "utanifikiria". Ukiipata kwanza halafu ukaanza kutaja bei huku umeifumba kiganjani, huo si ujira tena, umemteka mtu kwa mali yake. Kwa Shafi, aliyerudisha bila kuahidiwa hana ujira wa kudai. Akikupa mwenyewe kwa ridhaa yake, ni zawadi, ipokee.

Kwa hiyo ushauri wangu kwake ni huu. Kwanza ampigie dada yake, kwa sababu nusu ya pesa ile si yake, na dada akisema hapana, basi ni hapana. Akikubali, wanunue ile ya chini ya masafa mengi, wasiguse zaidi ya nusu ya akiba, na mabati ya mama yanunuliwe kwanza kwa nusu iliyobaki. Amwombe meneja wa hoteli ruhusa ya maandishi, amwone na sheha. Anunue na chujio la chuma la mchanga, na daftari la kuandika tarehe, mahali, alichookota, aliyemrudishia na sahihi yake.

Wako watakaouliza kama ujira huo una zaka na kama dada ana fungu lake katika kila malipo. Hilo la dada linategemea walivyoandikiana wakati wa kununua, na ni refu. Nitaliandika wiki ijayo baada ya darsa la Jumatano, inshaallah.

Wallahu aalam.