Saini Yangu Chini ya Tamko Lile

Tamko lile niliandika mimi. Mwanzilishi wa kituo chetu, mtumishi wa Mungu ambaye wote tulimwita Baba, alifikishwa mahakamani akishtakiwa kwa kumdhalilisha binti aliyelelewa bwenini kwetu. Bodi ikamwachia katibu wake, yaani mimi, kazi ya kuandika. Sikuhitaji kusukumwa. Nilichukua karatasi yenye nembo ya kituo, nikaandika kwamba tunamfahamu, kwamba shtaka ni njama ya watu wanaoitamani ardhi yetu, na kwamba tuko naye. Nikasaini, nikagonga muhuri. Nakala zilikwenda kwa wafadhili, kwa viongozi wa dini na kwenye mbao za matangazo za kata, wilayani Mbulu na Hanang.

Nilichokijua ni kazi zake: watoto aliowatoa maboma ya mbali huko Basotu akawalipia ada, na mabinti waliosoma badala ya kuozwa. Usiku wa bwenini sikuujua. Habari ya njama nayo niliisikia kwake mwenyewe, mtuhumiwa, nikaiandika kama ushahidi.

Nilijikinga kwa Katiba ya Tanzania. Ibara ya 13 inakataza mshtakiwa kutendewa kama mwenye hatia kabla hatia haijathibitika, nami niliitaja kwa fahari. Lakini ibara hiyo haikuniruhusu kumtendea mlalamikaji kama mwongo. Ukishasema shtaka ni njama, umeshasema mtoto ametumwa. Jina lake sikuliandika, ila kabla ya mnada uliofuata kila mtu alijua ni binti wa nani. Mama yake aliambiwa na majirani akayamalize kwa wazee. Mwanzilishi alipata dhamana akarudi ofisini kwake. Aliyehama kituo ni binti.

Kisha fedha. Wakili wa mshtakiwa alilipwa kutoka akaunti ya kituo, ambayo mtia saini wake mkuu alikuwa mwanzilishi yuleyule. Michango iliyotolewa kuwalisha watoto ilimlipa mtu wa kumpinga mmoja wao. Katika muhtasari wa kikao niliandika maneno mawili tu, “gharama za kisheria”, tukaendelea na ajenda nyingine.

Siwezi kusema sikuonywa. Nilikuwa nimesoma habari za Gregory Dow, mmisionari Mmarekani aliyefungua kituo cha watoto Boito, Bomet, nchini Kenya, mwaka 2008. Makanisa ya Lancaster, Pennsylvania, yalimchangia, ingawa alikwisha kutiwa hatiani Iowa mwaka 1996 kwa shambulio lenye nia ya kudhalilisha kingono. Mwaka 2017 aliikimbia Kenya. Mwaka 2020 alikiri mahakamani kwao kuwadhalilisha wasichana wa kituo chake, na Februari 2021 akafungwa miaka 15 na miezi 8. Nilisoma nikasema hayo ni ya Wazungu wasiojulikana ukoo wao. Wa kwetu tunamjua hadi babu yake. Wachangiaji wa Lancaster nao walidhani wanamjua wa kwao.

Watu huniuliza kesi yetu iliishaje. Siwajibu kwa hukumu, kwa sababu kosa langu lilitimia siku ya muhuri. Hata kama mahakama ingemwachia huru, mimi ningebaki nimemhukumu mtoto bila kumsikiliza.

Tamko la haki lingekuwa fupi. Lingesema kuna shtaka. Mshtakiwa amekaa mbali na kituo na akaunti hadi kesi iishe. Mtoto yuko chini ya afisa ustawi wa jamii na Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Mwenye taarifa aende huko, au apige 116, namba ya huduma kwa mtoto. Anayetaka kumchangia wakili afungue mfuko wake mwenyewe.

Nimejiuzulu ukatibu, na nimewaandikia wafadhili na viongozi kulifuta tamko. Nilikwenda pia kwa mama wa binti kuomba radhi. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, “Mwalimu, ile ya kwanza uliibandika wapi?” Nikamtajia. “Basi na hii kaibandike hukohuko.”

Ana haki. Binti yake nilimwita mwongo mbele ya kata nzima. Radhi ya sebuleni haimfikii. Barua ya pili ina saini yangu na jina langu kamili, haina nembo ya kituo, na nimeanza kuibandika.