Krismasi Yenye Kitabu cha Mtu Mzima

Ushuhuda wangu si wa kuponywa wala wa kuacha pombe. Ni wa kitabu, na najua wapo watakaouliza kama hilo nalo ni la kusimama nalo mbele ya watu.

Hapa Kasulu, Desemba ikifika, meza ya vitabu nje ya kanisa hujaa Biblia, Tenzi za Rohoni, kalenda za mwaka mpya na vijitabu vya watoto: punda, nyota, wachungaji wenye mashavu mekundu ambao sijui walichunga wapi. Hivyo vya watoto nimevinunua sana, maana nilifundisha shule ya msingi na wajukuu ninao. Lakini mtu mzima akiomba kitabu chake mwenyewe cha Krismasi, muuzaji humwonyesha Biblia, kana kwamba nyumbani hana. Tulishazoea. Krismasi ilikuwa ibada, wali na kuku, nguo mpya za watoto, kisha wanaume wanaondoka na sisi tunabaki na vyombo. Mvua inanyesha, maharage yanadai palizi, siku imekwisha.

Mabadiliko yalitokea Kibondo, kwa dada yangu. Shemeji ni Mkatoliki, sisi Waanglikana, na utani hauishi. Jioni moja ya Krismasi alitoa kabatini Utenzi wa Enjili wa Mwalimu Nyerere, ule wa Luka. Kwamba Mwalimu alitafsiri Shakespeare nilijua. Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi tulivisoma chuoni. Kumbe alizigeuza na Injili zote nne pamoja na Matendo ya Mitume kuwa tenzi, zikachapwa 1996 na Wabenedikto wa Ndanda na Peramiho. Mimi tenzi nilizihesabu kuwa mambo ya mtihani: mistari 4, mizani 8, taja vina. Shemeji hakutaja vina. Alighani, kwa sauti ileile anayoitumia kwenye jumuiya, na watu wakanyamaza.

Aliyenifungua masikio ni mama. Hajui kusoma, na Kiswahili chake ni cha sokoni, kwa hiyo kila baada ya beti chache shemeji alisimama, dada akaeleza kwa Kiha. Walipofika kwenye amri ya Kaisari ya kuandikisha watu, mama akainua mkono. "Mkwe wangu, hebu ngoja. Wanawaandika ili wawatoze kodi?" Akaambiwa ndiyo, ndivyo wengi wanavyoelewa. Basi akaanza kusimulia habari za baba yake, aliyeondoka Buha kwenda kukata mkonge Tanga ili apate fedha ya kodi ya kichwa, akamwacha mkewe mjamzito. Habari hiyo mimi, mtoto wake wa kumzaa, nilikuwa sijapata kuisikia. Kitabu kiliwekwa chini, chai ikachemshwa upya, na Yusufu akasubiri njiani na punda wake, kama kweli punda alikuwepo, maana Luka hamtaji.

Tangu hapo nimekuwa mtafutaji. Ninachotafuta ni kitabu ambacho mmoja anaweza kukisoma kwa sauti na wengine sita wakakisikia, kwa sababu kwetu ndivyo kitabu kinavyosomwa. Utenzi wa Matayo tuliupata baadaye, na humo kuna Herode na kukimbilia Misri. Hayo kwa Kasulu na Kibondo si ya kuchorewa picha. Warundi walivuka kuja kwetu mwishoni mwa 1993 baada ya Rais Ndadaye kuuawa, wakaja tena 2015; kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa 1996 kwa ajili ya Wakongo, mwaka uleule tenzi zilipochapwa. Jirani yetu aliyewauzia mihogo wakimbizi miaka hiyo husikiliza sura hiyo akitazama chini.

Wa nje pia nimewajaribu. Charles Dickens, na yule bahili wa hadithi yake ya 1843, aliwachekesha vijana. Walimtambua mara moja kuwa ndiye mlanguzi anayenunua maharage yakiwa bado shambani. Ila ukungu wa London na bata mzinga vilitaka maelezo mengi mno. Tolstoy alipita vizuri zaidi. Ana hadithi ya 1885 ya fundi viatu anayeishi chumba cha chini ya ardhi, dirisha lake liko usawa wa barabara, hivyo watu wakipita haoni nyuso, anaona viatu tu, na wengi anawajua kwa viraka alivyowashonea mwenyewe. Anangoja Bwana aje, na wanaokuja ni mzee anayefagia theluji, mama mwenye mtoto mchanga, bibi muuza matofaa. Niliisimulia kwa Kiha, theluji nikaigeuza mvua ya Desemba, matofaa yakawa ndizi. Hakuna aliyelalamika. Fundi wa hapa sokoni alitaka kujua tu yule mzungu alilipwaje.

Siku hizi wanaume hawaondoki mapema. Vyombo tunaviosha asubuhi. Shemeji na mimi bado tunabishana: yeye anataka kila mwaka Luka aanze, mimi nataka Matayo apewe zamu. Mwaka huu mama ameamua: Luka mpaka pale pa kodi, kisha yeye aseme yake, kisha tutaona kama muda utabaki.