Mafaili Yaliyorudi Bila Majina

Kompyuta mpakato yetu ilikufa Jumatano usiku, katikati ya Kwaresima, katika nyumba za wanafunzi wenye familia hapa chuoni. Ilitoa mlio, tik, tik, tik, kisha kioo kikawa cheusi. Tukaizima, tukaiwasha. Mlio ule ule. Tukaiwasha tena na tena, pengine mara kumi, na kati ya kuwasha na kuwasha tukaomba. Ndiyo, nyumba ya mchungaji nayo huombea diski.

Tasnifu ilikuwamo, lakini tasnifu huandikwa upya. Kilichotuuma ni sauti. Miaka miwili tulizunguka sharika za mlimani tukiwarekodi wazee: nani alileta Injili kijijini, nani alifukuzwa kwao kwa sababu ya ubatizo, kanisa la kwanza la nyasi lilisimama wapi. Wazee 23, na wanne kati yao tulikuwa tumekwisha kuwazika. Walitusimulia mambo ambayo hawakuwaambia hata watoto wao, nasi tukayaweka yote mahali pamoja. Flashi ya kunakilia ilikuwa mezani, bado imo kwenye kifuko chake cha dukani. Kila juma tulisema juma lijalo. Na wanawali watano waliokosa mafuta tumewahubiri mara ngapi!

Fundi wa mjini, kijana Mwislamu anayetuita Baba na Mama Mchungaji, alitanguliza swali moja: "Mmeiwasha mara ngapi tangu ianze kulia?" Tulipomjibu, alinyamaza kidogo. Akatueleza kwamba ndani ya diski kuna visahani vinavyozunguka maelfu ya mara kwa dakika, na kichwa cha kusomea huelea juu yake kwa nafasi ndogo kuliko chembe ya vumbi. Kichwa kikianza kugonga, kila kuiwasha kunaweza kukwaruza zaidi. Kumbe tulipokuwa tunaomba, vidole vyetu vilikuwa vinaharibu. Hilo lilitunyamazisha njia nzima ndani ya daladala.

Yeye hakuharakisha. Alituonya kwamba ikigoma kabisa, itabidi ifunguliwe katika chumba kisicho na vumbi, kwa gharama tusiyoiweza. Kisha akaiunganisha na kompyuta nyingine yenye programu inayonakili kwanza sehemu zinazosomeka, ikiruka mbovu na kuzirudia mwisho, polepole. Ilisoma kwa kusuasua siku tatu. Baada ya hapo hakuigusa tena. Mafaili aliyatafuta ndani ya nakala.

Yalirudi mengi, lakini bila majina. Orodha ya diski ilikuwa imeharibika, hivyo programu iliyatambua kwa umbo lake tu na kuyapa namba. Ikabidi tusikilize moja moja. Pasaka ilitukuta jikoni tukifanya kazi hiyo, mmoja akisema, "Huyu ni Bibi wa ng'ambo ya mto," mwingine akiandika. Wengine tuliwatambua kwa kikohozi, mmoja kwa jogoo wake. Tumebatiza watoto wengi na kuwataja majina, lakini hatukuwahi kulitafuta jina la mtu kwa saa nzima namna ile.

Sauti saba hazikurudi. Mbili zilikuwa za marehemu.

Tungeweza kukaa kimya, hakuna aliyeuliza. Tulisoma Yeremia 36, jinsi mfalme alivyochoma gombo na Baruku akaandika jingine, tukajifariji, kisha tukaona aibu: Yeremia alikuwa hai kuimla Baruku maneno. Sisi tungemwendea nani?

Jumamosi moja tukapanda mlima hadi kwa binti wa mmoja wao, tukamwambia kwamba sauti ya mama yake ilikuwa mikononi mwetu na tumeipoteza kwa uzembe. Alituangalia kwa muda mrefu. Hakusema ametusamehe. Aliingia ndani, akarudi na chai, akaketi, akasema, "Aliwaeleza habari za yule mbuzi?"

Hakuwa ametueleza. Tukaweka simu mezani, tukafungua na daftari.