Mganga Naye ni Mtu

Wahenga walisema: Mganga hajigangi. Methali hiyo tuliisikia tangu utoto, na tulipokuwa walimu tuliwaeleza wanafunzi wetu kwamba maana yake ni hii: hakuna mtu asiyemhitaji mwenziwe. Lakini hatukupata kufikiri kwamba siku moja methali hiyo itatuhukumu sisi wenyewe, ndani ya nyumba ya baba yetu. Habari hiyo ndiyo tunayotaka kuwasimulia leo, wasomaji wapenzi, ingawa kuisimulia si sifa kwetu.

Mdogo wetu, tuliyezaliwa naye tumbo moja, ni mganga wa hospitali. Sisi tulipotoka seminari tulishika chaki; yeye akaenda chuo kikuu, akakaa huko miaka mingi juu ya vitabu. Siku alipohitimu, kijiji kizima kilifurahi. Mbuzi alichinjwa, akina mama wakapiga vigelegele, na baba akasimama mbele ya watu akasema: “Tangu leo, kifo kikija hapa kitapiga hodi kwanza.” Watu wakacheka.

Furaha ile ilikuwa na sababu yake. Mwaka 1960, nchi yetu ilipojipatia uhuru, hapakuwa hata na Mkongo mmoja aliyehitimu udaktari katika chuo kikuu. Walikuwapo wasaidizi wa waganga na wauguzi, watu hodari kabisa, walakini cheo cha daktari kilikuwa cha wageni. Wazee wanakumbuka hayo. Kwa hiyo wamwonapo mtoto wao amevaa koti jeupe, huona kana kwamba ukoo mzima umevikwa.

Bali ukoo uliovikwa hudai. Mjomba alitaka dawa ya mgongo, shangazi alitaka karo ya wanawe, jirani alitaka kijana wake apewe kazi hospitalini. Mdogo wetu aliposema kwamba mshahara wake haujafika miezi kadhaa, hakuna aliyemsadiki. Sisi pia hatukumsadiki. Tulidhani amekuwa mchoyo.

Ndipo baba alipoanguka ghafula, asubuhi moja wakati wa mvua. Tulipiga simu hospitalini, muuguzi akatujibu: “Mganga yumo katika chumba cha upasuaji.” Tukapiga tena, tukapata jibu lile lile. Kabla ya jioni baba alikuwa amekwisha kutuaga. Mdogo wetu aliwasili kesho yake jioni, udongo wa kaburi ukali mbichi. Alisimama pale kimya, macho makavu. Basi sisi, kwa kuwa ndio wakubwa, tukamwambia mbele ya watu wote wa matanga: “Unaponya watoto wa wengine, lakini baba yako umemwacha.”

Hakujibu neno. Alilala usiku mmoja, akarudi kazini. Miezi saba ilipita tusisemezane.

Mama ndiye aliyetutuma. Alituambia: “Nimezika mume, sitaki kuzika na undugu wenu.” Tukafunga safari kwenda kwake katika milima ya Kivu Kusini. Alitupokea kwa adabu, kama mtu anavyompokea mgeni, akatupa kitanda chake, yeye akalala kwenye mkeka.

Usiku wa pili aliitwa. Akatuambia, “Kaka, ukitaka, njoo uone.” Tukamfuata. Mama mmoja alikuwa amejifungua salama, lakini damu ilikuwa haikatiki. Mdogo wetu alitueleza baadaye kwamba baada ya kuzaa, tumbo la uzazi hupaswa kujikaza lenyewe ili kuziba mishipa. Lisipojikaza, mama aweza kufa katika muda wa saa mbili. Iko dawa ya kulikaza, walakini dawa hiyo hutakiwa kuhifadhiwa katika baridi ya digrii 2 hadi 8, na umeme ulikuwa umekatika siku tatu, na mafuta ya jenereta yalikuwa yakiwekwa akiba kwa upasuaji. Dawa ilikuwapo, lakini nguvu zake zilikuwa zimepungua.

Ilibaki damu. Ndugu za mgonjwa walipoombwa kutoa, wawili walitoweka gizani, kwa kuogopa kwamba atoaye damu hupoteza uhai wake. Sisi tulinyosha mkono, lakini damu yetu haikupatana na ya mama yule. Mdogo wetu aliendelea kumkandamiza tumbo kwa mikono yake hadi jasho likamtiririka. Kabla ya jogoo kuwika, mama yule alifariki. Mdogo wetu alikwenda mwenyewe kwa mume wake, akachuchumaa mbele yake, akamwambia. Hakumtuma muuguzi.

Tuliporudi nyumbani alinawa mikono muda mrefu sana, hata maji ya ndoo yakaisha. Kisha akaketi, asile.

“Kaka,” alisema, “ni wa nne mwaka huu. Majina yao ninayajua yote.”

Tukamwuliza neno lililokuwa limetukaa moyoni: mbona hakulia kaburini pa baba?

Akatujibu: “Sisi tumezoezwa kulia baadaye. Taabu ni kwamba hiyo baadaye haifiki. Kabla hujaanza kulia, mgonjwa mwingine ameletwa. Na siku ile ya baba, muuguzi aliniletea habari mlangoni. Mbele yangu alikuwa amelala mama ambaye mtoto alimkwama, nami nilikuwa nimekwisha kumpasua. Mganga mwenzangu alikuwa safarini. Nilimaliza kushona. Wote wawili wako hai. Kila mtoto yule anapoletwa kwa chanjo ninafurahi, na papo hapo ninamwona baba.”

“Kama ungaliondoka mara ile,” tukasema, “ungalimkuta?”

“Sijui. Njia ni ya saa sita. Labda nisingalimkuta. Lakini hilo neno ‘labda’ ndilo ninalolala nalo kila usiku.”

Hapo tukamwomba msamaha. Alisema ametusamehe. Walakini neno lililosemwa mbele ya watu wa matanga halirudi kinywani, nasi tunajua hivyo.

Tangu siku ile tumekuwa tukiwatazama waganga kwa macho mengine. Twakumbuka mwaka 1995, Ebola ilipozuka katika Kikwit, masista sita kutoka Italia waliowauguza wagonjwa walikufa kwa ugonjwa ule ule. Twakumbuka tarehe 6 Oktoba 1996, watu wenye silaha walipoingia katika hospitali ya Lemera wakawaua wagonjwa na wauguzi. Mganga mkuu wa hospitali ile alikuwa Denis Mukwege; naye, badala ya kukata tamaa, alianzisha hospitali ya Panzi katika Bukavu mwaka 1999, na mwaka 2018 akapewa tuzo ya Nobel ya amani. Twakumbuka pia mganga Richard Mouzoko, Mkameruni, aliyepigwa risasi katika hospitali moja ya Butembo tarehe 19 Aprili 2019, alipokuja kutusaidia kupigana na Ebola. Ugonjwa huo, tangu Agosti 2018 hadi Juni 2020, uliwaua watu 2,287 katika mashariki ya nchi yetu. Na kati ya waliougua walikuwamo wauguzi na waganga wasio wachache. Watu twawaita hao mashujaa, na ni haki. Lakini shujaa naye hurudi nyumbani jioni, naye ana mke anayemngoja, na watoto wanaouliza mbona baba hasemi.

Basi, wasomaji wapenzi, kama katika jamaa yenu yumo mganga au muuguzi, mwacheni apumzike kwanza kabla ya kumwonyesha vidonda vyenu. Msimlazimishe kusimulia, maana siri za wagonjwa hana ruhusa kuzitoa. Lakini kaeni karibu naye, akitaka kunyamaza mnyamaze pamoja. Mkewe asidhani kwamba ukimya ule ni chuki. Mgonjwa wenu akifa, ulizeni yaliyotokea, ni haki yenu. Ila msianze kwa kulaumu, kama tulivyofanya sisi. Kuna waganga wazembe, hatukatai, na mzembe na aonywe. Lakini macho makavu si ushahidi wa uzembe.

Tena, toeni damu. Mtu mzima mwenye afya ana damu ya kadiri ya litri 5, naye huombwa kutoa chini ya nusu litri; mwili wake huirudisha. Sisi twatoa sasa, na kila mara twamkumbuka yule mama ambaye damu yetu haikumfaa.

Mwaka ulipotimia tangu baba afariki, tulikusanyika kaburini. Mdogo wetu alifika mapema, akapalilia majani kwa mikono yake, na safari hii alilia, mbele ya watu, bila haya. Tulikuwa bado tunakula, simu yake ikalia. Alisikiliza, akatutazama sisi kwanza, kama mtoto anayeogopa kipigo. Tulitaka kusema neno, lakini mama alitutangulia. Aliinuka, akaviokota viatu vya mwanawe mlangoni, akamwekea miguuni.

“Nenda, baba,” alisema. “Wanakungoja.”