Jina la Chuo Halilipi Deni

Shangazi yangu anauza ndagala sokoni Rumonge, Burundi, na mpaka leo hajanisamehe. Binti wa kaka yangu, hapa Louisville, Marekani, anataka kuwa daktari; alikubaliwa na chuo mashuhuri ambacho hata kwetu watu wamekisikia redioni, nami nikashauri aanzie chuo cha jamii, kile cha karo nafuu ambako husomwa miaka ya mwanzo kabla ya kuhamia chuo kikuu, basi moja tu kutoka nyumbani. Sauti ya shangazi ilitua WhatsApp kabla sijaamka: "Wee baba, mtoto kaitwa na wakubwa, wewe wamrudisha kwa wadogo? Mna nini huko?"

Simlaumu. Burundi mtoto hutoka sekondari akaingia udaktari moja kwa moja. Alama za mtihani wa serikali ndizo zinazoamua nani apate nafasi kwenye Kitivo cha Udaktari cha Chuo Kikuu cha Burundi. Ukikosa, na nyumbani kuna chochote, unajaribu chuo binafsi kama Hope Africa, Bujumbura. Mwanawe shangazi anasoma chuo binafsi, na karo yake inafuata Ziwa Tanganyika. Usiku wa giza wavuvi huwasha taa, ndagala wakaja, shangazi akalipa sehemu. Mbalamwezi ikitanda mitumbwi haitoki, na mhasibu wa chuo anasubiri. Wa chuo cha serikali nao wana yao: mwaka 2017 burse, yaani ruzuku ya masomo, iligeuzwa mkopo wa kurudisha ukishapata kazi, na wanafunzi wakaja juu. Lakini njia ni moja, na unailipia mara moja.

Marekani unailipia mara mbili. Kwanza shahada ya miaka minne, somo lolote, mradi biolojia, kemia na fizikia ziwemo. Kisha MCAT, mtihani wa kuingilia udaktari. Kisha shule ya udaktari, miaka mingine minne, na baada yake mafunzo ya hospitalini ya miaka mitatu hadi saba. Mrundi mwenzetu Deogratias Niyizonkiza, aliyeanzisha zahanati ya Kigutu kwenye vilima vinavyotazama Tanganyika, alikuwa mwanafunzi wa udaktari Burundi kabla ya kukimbilia New York mwaka 1994. Huko aliwapelekea watu vyakula vya dukani, kisha akaanza upya shahada ya kwanza, Columbia.

Columbia, utaniambia, ndiyo hiyo ya jina! Kweli. Na hapa niwe mkweli zaidi ya shangazi na zaidi ya wale wanaohubiri vyuo rahisi tu: bei iliyotangazwa si bei unayolipa. Vyuo vichache vyenye mali nyingi humfutia mtoto wa maskini karibu gharama yote, hata akalipa pungufu kuliko chuo cha jimbo. Kama barua ya chuo kile mashuhuri ingesema hivyo, ningembebea sanduku mwenyewe. Ya kwetu ilibakiza zaidi ya dola 30,000 kila mwaka. Serikali humkopesha mwanafunzi wa shahada ya kwanza kiasi kidogo. Kinachobaki humwangukia mzazi au benki, na kaka yangu anafanya kazi ya usiku kwenye ghala.

Upande wa pili, ruzuku ya serikali iitwayo Pell, ambayo kiwango chake cha juu kimekuwa dola 7,395 kwa mwaka, kwa kawaida inatosha karo ya chuo cha jamii, wala hairudishwi. Tena sheria ya 2025 imeweka kikomo: kuanzia Julai 2026, anayeanza udaktari hakopeshwi na serikali zaidi ya dola 50,000 kwa mwaka, 200,000 kwa jumla. Ukifika mlangoni hapo ukiwa tayari na deni la laki moja la shahada ya kwanza, utaongezewa na nani? Na jina la chuo? Shule za udaktari hutazama kwanza alama zako, MCAT, na muda uliokaa na wagonjwa.

Bei nafuu nayo ina mitego. Baadhi ya shule za udaktari hazipendi kuona sayansi zote zimesomwa chuo cha jamii, kwa hiyo kemia ya kaboni tumeiacha mpaka atakapohamia chuo kikuu. Na kabla ya kujiandikisha tulidai orodha, kwa maandishi, ya masomo yatakayohamishika. Jirani yetu Mrundi alirudia fizikia nzima kwa kuamini maneno ya mdomo.

Shangazi nimemweleza yote haya. Akasikiliza, akauliza bei ya basi.